Kulizunguka Ziwa la Konstanz kwa baiskeli kwa siku nne: mwongozo kwa anayeanza

Kila majira ya kuchipua yanapokaribia, ndugu zetu wanaoishi Ujerumani, Uswisi na Austria, pamoja na wageni wanaokuja kuwatembelea, huniuliza maswali yale yale. Je, njia ina milima mingi? Je, ni lazima kuwa na baiskeli ya mashindano? Je, mtoto wa miaka kumi na miwili ataweza? Mpakani kunahitajika nini? Nimeona ni vyema kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu ambaye hajawahi kuendesha zaidi ya kilomita kumi kwa mkupuo mmoja anaweza kuufuata.

Ziwa la Konstanz, ambalo Wajerumani huliita Bodensee, lina eneo la kilomita za mraba 536 hivi na limezungukwa na nchi tatu: Ujerumani upande wa kaskazini, Austria kwenye pembe ya mashariki, na Uswisi upande wa kusini. Kwa aliyekulia Mwanza au Kisumu ni ziwa dogo, na udogo huo ndio unaomfaa mwendesha baiskeli, kwa kuwa mji wa kale haujatoweka nyuma yako kabla mnara wa kanisa la mji unaofuata haujaonekana mbele. Njia kamili ya kulizunguka ina urefu wa kilomita 260 hivi. Mpango ninaoueleza hapa ni mfupi zaidi, kati ya kilomita 160 na 205 kutegemea uamuzi wako wa siku ya nne, kwa sababu unatumia kivuko kuuruka mkono wa kaskazini-magharibi wa ziwa, ambao ndio wenye vilima vinavyomchosha anayeanza.

Mara ya kwanza nilipokwenda huko nililichukulia ziwa kama mashindano. Nilifika Bregenz jioni ya siku moja nikiwa nimepita Meersburg na Lindau bila kushuka kwenye baiskeli, na nilichokumbuka zaidi ni mgongo wa mwenzangu aliyekuwa mbele yangu. Ndiyo maana siku zote zilizopangwa hapa ni fupi. Anayeweza kwenda mbali zaidi asiongeze kilomita. Aongeze saa za kukaa mijini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Baiskeli ya kawaida ya safari yenye gia saba au zaidi inatosha kabisa. Tairi ziwe na upana wa milimita 35 hadi 40, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia ni lami lakini zipo sehemu za changarawe laini, na tairi nyembamba za baiskeli ya mashindano hukusumbua hapo. Keria imara ya nyuma na mifuko miwili isiyopitisha maji ni bora kuliko begi la mgongoni, ambalo baada ya saa mbili hulowesha mgongo kwa jasho na kukaza mabega. Pamoja na hayo, beba vitu hivi:

- Taa ya mbele nyeupe, taa ya nyuma nyekundu, kengele, na breki mbili zinazofanya kazi. Sheria ya Ujerumani inavitaka vyote.
- Tyubu mbili za ziada za kipimo cha tairi zako, vijiti vya kutolea tairi, pampu ndogo, na spana ya nati za magurudumu ikiwa magurudumu yako hayafunguki kwa mkono.
- Pasipoti, na kibali cha ukaazi kwa anayeishi Ulaya. Nchi zote tatu zimo katika eneo la Schengen, hivyo mara nyingi hutasimamishwa mpakani, lakini Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya na maofisa wa forodha wana haki ya kukukagua.
- Kadi ya benki na faranga chache za Uswisi. Euro hupokelewa katika maduka mengi ya Uswisi yaliyo karibu na mpaka, ila chenji hurudishwa kwa faranga.
- Koti jepesi la mvua, maji lita moja na nusu, mafuta ya kuzuia jua, na kofia ya usalama. Ujerumani haimlazimishi mwendesha baiskeli kuivaa, na Austria inawalazimisha watoto walio chini ya miaka 12. Mimi namsihi kila mtu aivae.

Hatua ya 1: Chagua wakati

Nenda Mei, mwanzoni mwa Juni, au Septemba. Mwezi wa Mei matofaa yanamalizia kuchanua, na Septemba yanavunwa. Katika vipindi vyote viwili njia ni tulivu. Julai na Agosti huja watu wengi mno, hasa Jumapili, na baadhi ya nyumba za wageni hukataa mgeni anayetaka kulala usiku mmoja tu. Ikiwa likizo ya watoto inakulazimisha kwenda Agosti, weka nafasi za kulala mapema na uanze safari saa moja asubuhi kila siku. Saa nne njia itakapoanza kujaa, wewe utakuwa umekwisha kumaliza nusu ya mwendo.

Hatua ya 2: Fika Konstanz pamoja na baiskeli

Treni za mikoa huchukua baiskeli katika mabehewa yenye mchoro wa baiskeli mlangoni. Kosa ambalo wengi hufanya ni kudhani kwamba tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, Deutschlandticket, inabeba na baiskeli. Tiketi hiyo ni ya mtu peke yake, na baiskeli hulipiwa kwa kanuni za jimbo unalopita, kwa hiyo angalia kanuni hizo kabla ya kuondoka nyumbani. Treni za mwendo kasi za ICE hutaka uwe umeiwekea baiskeli nafasi mapema, na nafasi zenyewe ni chache. Anayetoka Zürich ana treni ya moja kwa moja. Asiye na baiskeli ataikodi Konstanz, ambako kuna wakodishaji kadhaa. Omba uijaribu kabla ya kulipa, na usikubali kuondoka kabla kiti hakijarekebishwa. Ukikaa na kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kuwa umenyooka.

Hatua ya 3: Zijue alama na kanuni za barabara

Tulizoea kushika upande wa kushoto Tanzania, Kenya na Uganda. Huku ni kulia, na hatari haipo barabarani unapoendelea na safari, kwa maana hapo wengine wanakuongoza. Hatari iko asubuhi, dakika ile unapotoka hotelini barabara ikiwa tupu, na kwenye mizunguko ile ambayo kwetu tunaiita kipilefti. Hapo unazunguka kwa kuingilia kulia, na magari yanakujia kutoka kushoto kwako. Vilevile, kwenye makutano yasiyo na alama yoyote, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita kwanza, hata kama yeye yumo katika mtaa mdogo na wewe umo katika barabara pana.

Upande wa Ujerumani na Austria, fuata mchoro wa mwendesha baiskeli ambaye gurudumu lake la nyuma limepakwa buluu. Upande wa Uswisi, fuata vibao vyekundu vyenye namba 2, ambayo ni njia ya taifa inayofuata mto Rhine. Zunguka kwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa. Kwa kuwa unashika kulia, ziwa litakuwa upande wako wa kulia safari nzima, na ukitaka kusimama ufukweni hutalazimika kukata barabara.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, Konstanz hadi Lindau (kilomita 50 hivi)

Kabla ya kuondoka, simama bandarini Konstanz mbele ya jengo kubwa la kale linaloitwa Konzil. Kati ya mwaka 1414 na 1418 mji huu ulikuwa makao ya mtaguso, yaani mkutano mkuu, wa Kanisa Katoliki. Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyelikosoa Kanisa, alihukumiwa na kuchomwa moto hapa mwaka 1415, na ndani ya jengo hilo ndimo Papa Martin V alimochaguliwa Novemba 1417. Mitaa ya nyuma yake imebaki na nyumba za karne hizo kwa sababu mji haukubomolewa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Funga baiskeli na uitembelee kwa miguu.

Kisha endesha kilomita tano hadi gati la Staad, ukapande kivuko cha magari kwenda Meersburg. Vivuko hupishana mchana na usiku, na safari huchukua dakika 15. Subiri ishara ya mfanyakazi wa kivuko, ingia ukiisukuma baiskeli badala ya kuiendesha, kwa kuwa sitaha ya chuma ikilowa huteleza kama sabuni, na uiegemeze pale atakapokuonyesha.

Meersburg ina mji wa chini ulio kandokando ya maji na mji wa juu ulio chini ya ngome ya kale. Mtaa unaoiunganisha ni mkali sana, hivyo funga baiskeli chini na upande kwa miguu. Ukitoka hapo unapita mashamba ya mizabibu hadi Hagnau, kijiji ambacho kina jambo lake la pekee. Katika majira ya baridi ya mwaka 1963 ziwa liliganda kabisa, na watu wa Hagnau wakaibeba sanamu ya Mtakatifu Yohana kwa maandamano juu ya barafu hadi Münsterlingen, upande wa Uswisi. Kwa desturi, sanamu hukaa huko hadi ziwa litakapoganda tena, na hadi leo halijaganda. Utapita Münsterlingen siku ya tatu; ingia kanisani ukaitazame.

Kati ya Immenstaad na Friedrichshafen njia huambatana na barabara kuu yenye magari mengi. Hii ndiyo sehemu yenye kelele kuliko zote katika safari hii, na sina ushauri zaidi ya kuimaliza upesi. Friedrichshafen yenyewe iliharibiwa vibaya kwa mabomu, kwa hiyo usitarajie mji wa kale. Lakini makumbusho ya Zeppelin yaliyo bandarini yanamhusu Mtanzania kuliko anavyodhani. Meli ya kwanza ya anga ya Zeppelin, yaani puto refu lenye injini, iliruka juu ya ziwa hili Julai 1900, na Novemba 1917 mojawapo ya meli za aina hiyo, L 59, ilitumwa kutoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa imejaa risasi na dawa za jeshi la Wajerumani lililokuwa likipigana katika ardhi ya Tanganyika. Iliagizwa kurudi ikiwa tayari imefika juu ya Sudani, ikarudi Bulgaria bila kutua.

Baada ya Langenargen na Kressbronn unaingia katika bustani za matofaa, na hapa ndipo utulivu wenyewe unapoanzia. Njia ni barabara nyembamba ya shamba, yenye miti iliyofungwa kwenye nyaya kwa safu pande zote mbili, na kila baada ya mwendo fulani utakuta kibanda kidogo cha mbao chenye vikapu vya matunda, bei imeandikwa kwa chaki, na kopo la kutilia fedha bila muuzaji yeyote. Weka sarafu kamili, chenji hakuna. Utapita kijiji cha Wasserburg, ambacho kanisa lake limesimama kwenye rasi karibu kabisa na maji, na hatimaye utavuka daraja kuingia kisiwa cha Lindau. Lala hapa au, ikiwa bei za kisiwani zimekushinda, upande wa bara.

Hatua ya 5: Siku ya pili, Lindau hadi Rorschach (kilomita 40 hivi)

Amka mapema ukaione bandari ya Lindau kabla meli za watalii hazijaanza kazi, na simba wa mawe na mnara wa taa wa mwaka 1856 wakitazamana mdomoni mwake. Bregenz, mji wa Austria, uko kilomita kumi mbele. Njia hapo ni nyembamba, imebanwa kati ya reli na maji, kwa hiyo piga kengele mapema na usimpite mtu kwa ghafula. Mwenye saa mbili za ziada apande gari la kamba hadi mlima Pfänder, mita 1,064 juu ya usawa wa bahari, aione njia yote aliyopita na atakayopita.

Baada ya Bregenz unaingia katika delta ya Rhine. Mto huu ulielekezwa upya mwaka 1900 kwa mfereji ulionyooka, na utauvuka kati ya Hard na Fussach. Eneo ni tambarare, lina mabwawa, matete na ndege wengi, lakini halina kivuli, na upepo wa magharibi hukukabili usoni. Jaza maji Hard. Usishindane na upepo kwa gia kubwa. Shusha gia mbili, zungusha pedali haraka kwa wepesi, na ukubali mwendo wa kilomita 12 kwa saa.

Huko Gaissau utavuka kijito, na upande wa pili ni Uswisi. Onyo: zima data ya simu kabla ya daraja. Vifurushi vingi vya nchi za Umoja wa Ulaya havifanyi kazi Uswisi, na minara ya Uswisi huikamata simu yako hata ukiwa Konstanz. Mwaka wangu wa kwanza nililipa zaidi ya gharama ya chumba cha usiku mmoja kwa sababu ya ramani niliyoiacha wazi mfukoni. Pakua ramani nyumbani, uitumie bila intaneti.

Malizia Rorschach, mji wenye ghala kubwa la nafaka la karne ya 18 lililo bandarini.

Hatua ya 6: Siku ya tatu, Rorschach kurudi Konstanz (kilomita 40 hivi)

Hii ni siku nyepesi kuliko zote: tambarare, njia ikiambatana na reli karibu mwendo wote, Arbon na Romanshorn zikiwa vituo vya kupumzikia. Unavuka reli mara nyingi, na kosa hapa ni kuikata kwa mshazari, ambapo gurudumu hunasa katika mfuo wa chuma na kukuangusha. Ivuke kwa pembe ya mraba daima. Baada ya Münsterlingen na Kreuzlingen unarudi Ujerumani kupitia ufukweni, mahali ambapo zamani palisimama uzio wa mpaka na sasa pana sanamu.

Hatua ya 7: Siku ya nne, Ziwa la Chini

Ziwa la Chini ni sehemu ya magharibi ya Ziwa la Konstanz. Acha mizigo Konstanz na ufuate ukingo wake wa Uswisi kuelekea magharibi, kupitia Gottlieben, Ermatingen na Steckborn hadi Stein am Rhein, kilomita 30 hivi. Kwangu mimi huu ndio mwendo bora wa safari nzima. Vijiji vina nyumba ambazo boriti zake za mbao zinaonekana kwenye kuta, ziwa linazidi kuwa jembamba hadi linageuka kuwa mto tena, na huko Stein uwanja mbele ya jumba la mji umezungukwa na nyumba ambazo kuta zake zimechorwa picha kuanzia chini hadi kwenye paa. Kaa hapo angalau saa mbili, na utazame picha zikiwa na jua la mchana.

Kutoka Stein una njia mbili. Aliyechoka apande treni ya kurudi Kreuzlingen. Mwenye nguvu avuke daraja, arudi kwa upande wa Ujerumani kupitia Radolfzell, kilomita nyingine 45 hivi zenye vilima vichache, na akiwa njiani aingie kisiwa cha Reichenau kwa barabara iliyopandwa miti mirefu kandokando yake. Monasteri ya hapo ilianzishwa mwaka 724, na kisiwa kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Wakazi wake hulima mboga, na bustani zinafika hadi karibu na kuta za makanisa.

Mambo yakiharibika

*Pancha.* Usianze kuweka kiraka njiani. Badilisha tyubu, lakini kabla ya kutia mpya pitisha vidole polepole ndani ya tairi mzunguko mzima, maana mwiba au kipande cha chupa kilichosababisha pancha mara nyingi bado kimo. Kumbuka kwamba maduka ya baiskeli hufungwa Jumapili katika nchi zote tatu.

*Mnyororo umetoka.* Sogeza kibadilisha gia cha nyuma mbele kwa mkono ili mnyororo ulegee, uurudishe kwenye meno kutokea chini, kisha uzungushe pedali taratibu. Ukitoka tena na tena, kibadilishi kimepinda; mpelekee fundi.

*Dhoruba.* Kandokando ya ziwa kuna taa za rangi ya chungwa zinazomulika kwa kupepesa. Zikipepesa mara 40 kwa dakika, upepo mkali unatarajiwa. Zikipepesa mara 90, ni dhoruba. Taa hizo ziliwekwa kwa ajili ya mashua, lakini nawe ukiziona zikienda haraka ondoka chini ya miti na utafute jengo. Usitegemee kivuko cha mwisho siku hiyo.

*Magoti yanauma.* Kwa kawaida kiti kiko chini mno, au gia ni nzito mno. Inua kiti kwa sentimita moja, endesha kilomita tano, kisha pima tena.

*Ganzi mikononi.* Badilisha mahali pa kushika usukani kila baada ya dakika chache, na usiegemeze uzito wote kwenye viganja.

*Umepoteza alama.* Usiendelee kwa kubahatisha zaidi ya kilomita moja. Rudi kwenye alama ya mwisho uliyoiona. Mara nyingi kibao kimefichwa na matawi kwenye kona.

*Huwezi kuendelea.* Reli inafuata ufukwe karibu kote, kaskazini na kusini, na meli kati ya Romanshorn na Friedrichshafen hukuvusha ziwa na baiskeli yako kwa dakika 40 hivi.

*Ajali.* Piga 112. Namba hiyo inafanya kazi katika nchi zote tatu. Taja jina la kijiji na, ukiweza, namba iliyo kwenye kibao cha njia kilicho karibu nawe.